Sema Uache, Sikia Uache

Sehemu ya kumi na tano

Mlango wa ukumbi ulisukumwa pembeni, na aliyesimama pale hakuwa polisi, wala yule mwanamke wa bima mliyemdhania ninyi mlioniandikia barua.

Alikuwa Mio.

Kwa aliyefungia viazi gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nieleze haraka. Jumapili mchana, hapa mtaani kwetu Taisho, Osaka, watu waliowahi kushindwa na pombe hukaa duara ukumbini pamoja na jamaa zao, kila mmoja akasimulia habari yake. Leo ni zamu ya Nagase Yoshihiko, fundi lipu, umri miaka hamsini na tisa. Ametimiza mwaka mzima bila tone. Akimaliza kusimulia atapewa cheti.

Mio ni bintiye, mtoto wake wa pekee. Miaka kumi na moja hajaikanyaga Osaka, tangu mama yake, marehemu Fumie, alipofia bafuni na yeye akachukuliwa na mama yake mdogo kwenda Kanazawa.

Na mfukoni mwa koti la Nagase mna kikombe cha sake, pombe ya mchele, kile cha kioo chenye kifuniko cha bati kinachouzwa na mashine ya pale kona. Aliyekiona ni mimi peke yangu, Kinue, mpika chai wa kikao. Mpika chai huona mifuko yote, kwa kuwa ndiye anayetundika makoti, na lile alikataa kulivua.

Haya, tuendelee.

"Samahani nimechelewa," Mio alisema. "Treni."

Treni zetu hazichelewi. Kila mtu pale alijua kwamba msichana alikuwa nje muda mrefu, anakitazama kitasa.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Iwasa, dereva wa lori mstaafu, hajaonja pombe miaka ishirini na minne na sikio lake moja halifanyi kazi. Alimtazama. "Wewe ni mgeni au jamaa?"

Mio akafikiri. "Sijui bado."

"Basi kaa upande wa jamaa. Kule viti vina mito."

"Mwenyekiti," akadakia Horie, ambaye huachwa na mke kila baada ya miaka minne, "mbona mimi nimekalia mbao miaka sita?"

"Wewe ni mlevi. Mlevi hasikii mbao."

Watu wakacheka kidogo. Nagase hakucheka. Alikuwa amesimama, vidole vimeshika ukingo wa meza, anamtazama mwanawe kama mtu aliyepiga lipu ukuta mzima kisha akauona unapumua.

"Binti," Mzee Iwasa aliendelea, "hapa tuna sheria moja tu. Sema uache, sikia uache. Mtu akisema, hajibiwi. Hapewi pole, hapewi shauri, habishiwi. Na wewe uliyesikia unaliacha hapa hapa, hutoki nalo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Sheria hiyo inanitesa mimi kuliko pombe inavyowatesa wao. Na kama mnajiuliza mbona haya mnayasoma gazetini, basi mmeshajua naishika vipi. Majina nimeyageuza, lakini.

"Endelea, Bwana Nagase."

Nagase akakohoa. "Naitwa Nagase. Ni mlevi."

Halafu akaanza, na moyo wangu ukazama, kwa sababu alianza ile ile. Habari yake nimeisikia mara arobaini. Naweza kuisema huku naosha vikombe, kama mtoto wa darasa la pili anavyosema jedwali la kuzidisha.

"Siku ile ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha, na mvua ikinyesha lipu haikauki, nikarudi nyumbani saa nane. Mke wangu alikuwa na zamu ya jioni kwenye jiko linalopika vyakula vya kuuzwa katika visanduku, kwa hiyo alioga mapema. Mimi nikafungua sake. Nikanywa. Nika..."

Hapo huwa anasema "nikalala." Kisha husema aliamka saa kumi na mbili, akamkuta. Kisha huinama, watu wakasema asante, mimi nikamimina chai.

Leo neno lilikwama.

Nyuma kabisa, kwenye kiti cha pembeni, alikaa Daktari Hayami. Ni mwanamke mfupi, viatu vyake vya mpira, ana chumba chake cha kutibu roho za watu ghorofani juu ya duka la tofu, ile jibini ya soya. Nagase humwendea kila Jumatano. Na Jumatano iliyopita palitokea neno kule. Nagase mwenyewe alinisimulia baada ya kubanwa na vikombe vitatu vya chai na kipande cha maandazi ya maharage.

Alimwambia Daktari kwamba kila alasiri, saa kumi, husikia mtu akigonga ukutani. Mara tatu. Ananyamaza. Mara tatu tena. Akihamia chumba kingine, kugonga kunamfuata. Akiwa kazini juu ya jukwaa la mianzi, ukuta wa watu wengine unagongwa.

"Tangu lini?" Daktari akauliza.

"Tangu Fumie afariki."

"Na siku ile aliyofariki, aligonga?"

"Ndiyo. Mara tatu, mara tatu."

Daktari hakuandika kitu. Akauliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu: "Bwana Nagase, ulikuwa umelala. Ulijuaje ni mara tatu?"

"Nimeacha pombe, Daktari," Nagase akasema. "Mwaka mzima. Sasa unataka niache nini tena?"

"Kulala," akasema Daktari. "Mwaka mzima umekuwa ukiniletea mwili wako hapa. Wewe mwenyewe unakuja lini?"

Nagase alitoka pale moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kona.

Sasa rudini ukumbini. Neno limekwama. Mkono wa Nagase umeacha meza na kwenda mfukoni, na mimi najua unafuata nini. Birika lilikuwa linaimba jikoni na sikuthubutu kwenda kulizima.

Kama angesema "nikalala," angepewa cheti, angepiga picha na Mzee Iwasa, na kabla keki haijakatwa angekuwa chooni na kikombe chake. Na yule binti angepanda treni ya saa kumi na moja, na hiyo ingekuwa mara ya mwisho. Hilo hata Horie aliliona, naye haoni mengi.

"Sikulala," Nagase akasema.

Alisema chini sana hivi kwamba Mzee Iwasa aligeuza sikio zima.

"Nimekuwa nikiwaambia nililala. Niliwaambia polisi. Nikawaambia shemeji zangu. Nimewaambia ninyi mwaka mzima, mkaniambia asante. Sikulala. Nilikuwa macho kama sasa hivi."

Hakuna aliyesogea.

"Nyumba zetu zimeshikana, mnazijua. Ukikohoa, jirani wa tatu anakuambia pole. Fumie alikuwa na haya. Hakutaka watu wasikie ananikaripia. Kwa hiyo tulikuwa na lugha yetu ya kugonga. Mara moja, niletee taulo. Mara mbili, maji yako yamekuwa tayari. Mara tatu ilikuwa, inatosha, weka kikombe chini."

Mio alikuwa ameshika magoti yake.

"Saa kumi akagonga mara tatu. Nilikuwa natazama mieleka ya sumo. Nikasema moyoni, huyu hata akiwa majini anahesabu vikombe vyangu. Akagonga tena, mara tatu. Nikaongeza sauti ya televisheni. Akagonga tena. Nikasema, leo utagonga mpaka uchoke."

Akautazama ukuta wa ukumbi.

"Akachoka."

Nje, mtu alipita na baiskeli, breki zikalia.

"Alikuwa ameteleza. Nyonga ilivunjika, hakuweza kupaza sauti. Mkono mmoja ndio uliofika ukutani. Hakuwa anahesabu vikombe. Aligonga vile mkono ulivyozoea. Miaka kumi na minane ulizoea mara tatu, kwa sababu yangu. Mieleka iliisha saa kumi na mbili. Ndipo nikaenda."

Akatoa mkono mfukoni na kuweka kikombe cha sake mezani, katikati ya sahani za keki. Watu ishirini wenye kiu isiyokwisha wakakitazama kile kioo.

"Hiki nilikinunua Jumatano. Nilitaka nikipokea cheti nikakinywe chooni. Basi. Nimesema, naacha."

"Asante," akasema Mzee Iwasa, kama anavyomwambia kila mtu. Akakichukua kikombe, akaenda nacho jikoni, tukasikia kikimwagwa kwenye sinki, kisha bomba likafunguliwa muda mrefu.

Na Mio akasimama, akatoka nje.

Mlango ulijifunga nyuma yake bila kishindo, na hilo ndilo lililouma. Kishindo kina maana mtu bado anagombana nawe.

Nagase alikaa. Hakugeuka kumtazama. Alikuwa na sura ya mtu aliyelipukiwa na jengo mbele yake naye ndiye aliyewasha utambi.

Nikamwinamia Daktari Hayami kwa kisingizio cha kumwongezea chai. "Hutamfuata?"

"Kazi yangu si kukimbia, Shangazi," akanong'ona. "Kazi yangu ni kukaa."

Kumbe watu husomea kukaa. Mimi niliishia shule ya msingi na kukaa sikufundishwa. Isitoshe, si mwanachama wala si daktari, na ile sheria haijataja wapika chai. Nikatoka na birika langu.

Mio alikuwa kizingitini pa kuvulia viatu, amekaa, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa anakiangalia kile cha mkononi kama hajui kinavaliwaje.

"Hicho ni cha kulia," nikasema.

Hakunitazama. Akatoa kadi ya posta mkobani. "Nani aliniandikia hii? 'Baba yako anatimiza mwaka. Njoo. Kuna keki.' Yote kwa herufi nyepesi wanazoanza nazo watoto wadogo."

"Labda ni mtoto mdogo."

"Mtoto mdogo anayejua anwani yangu ya Kanazawa?"

"Watoto wa siku hizi ni wajanja." Nikamtolea pipi mfukoni, ya tangawizi. Mwanamke wa Osaka wa umri wangu akikosa pipi mfukoni, huyo ni mpelelezi kutoka Tokyo.

Akaipokea. Hakuifungua.

"Shangazi, kumbe alikuwa macho."

"Hilo siruhusiwi kulijibu."

"Hapa si ndani."

"Miguu yangu iko ndani. Tumbo ndilo lililo nje."

Akatoa sauti ambayo karibu iwe kicheko, ikageukia njiani. Akafuta pua kwa mkono wa sweta, vile vile alivyokuwa akifanya akiwa na miaka sita.

"Unaondoka?" nikamuuliza. "Kama unaondoka, ngoja nikufungie keki. Nimeshamwambia Horie hapati kipande cha pili, usije ukaniaibisha."

"Jamaa nao wanaruhusiwa kusema?"

"Jamaa husema baada ya chai."

"Chai ni saa ngapi?"

Nikalitazama birika mkononi mwangu. "Mimi ndiye chai."

Akakivua kile kiatu.

Aliporudi ndani hakukaa. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama baba yake, akashika ukingo ule ule wa meza. Nagase aliinua uso. Sijapata kuona mtu aliyeogopa hivyo akiwa ameketi.

"Naitwa Nagase Mio," akasema. "Ni mtoto wa mlevi."

Mzee Iwasa akainamisha kichwa: endelea.

"Kazi yangu ni kuogesha wazee, kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Kanazawa. Mwaka wa sita sasa. Wenzangu wanatoka kidogo kupokea simu, kuchukua taulo. Mimi sitoki. Sijawahi kumwacha mtu bafuni hata nusu dakika. Wananicheka. Wananiita Kufuli."

Akapumua.

"Ijumaa ile sikwenda shule. Nilikuwa na mtihani wa hesabu. Niliaga, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapanda kwenye roshani ya kuanikia nguo, nikaingia chumbani kwangu, juu. Hakuna aliyejua. Nilikuwa juu ya vichwa vyao siku nzima."

Kikombe kilimponyoka mtu. Hakikuvunjika.

"Nilimsikia mama akigonga. Mara tatu. Nikasema, haya, wameanza. Akagonga tena. Nilichoka kuusikia ugomvi wao wa kugonga ukuta, maana nilikuwa nao tangu tumboni. Nikaziba masikio kwa muziki. Nilipoutoa, nilimsikia baba akipiga yowe."

Hakulia. Alikuwa anasema polepole na sawasawa, kama mtu anayebeba maji na hataki kuyamwaga.

"Nikashuka kwa roshani. Nikazunguka mbele. Nikafungua mlango na mkoba wangu wa shule, nikavua viatu, nikasema kama kila siku: Nimerudi."

Kando yangu, mke wa mtu alifunika mdomo kwa leso.

"Halafu baba akawaambia polisi alikuwa amelala. Kwenye mazishi akamwambia kila aliyekuja: nililala, nililala. Na mimi nikiwa nimekaa pale na sare ya shule, nikapiga hesabu, mimi niliyekimbia mtihani wa hesabu. Kama baba alikuwa amelala, basi nyumba nzima aliyesikia ni mmoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

Sasa akamgeukia baba yake.

"Watu wanadhani nilikuchukia kwa kulewa. Sikukuchukia kwa kulewa. Miaka kumi na moja nimekuchukia kwa kulala."

Akauachia ukingo wa meza. "Basi. Nimesema, naacha."

Nagase alifungua mdomo.

Mzee Iwasa akainua kiganja.

Jamani. Nimeona watu wakizuiwa kunywa. Nimeona mtu akifungwa kamba kitandani, anatapika nyongo, anaona panya wa kijani. Sijaona mtu akiteseka kama Nagase dakika ile. Maneno yalimjaa kooni, mishipa ikasimama. Alitaka kusema nisamehe. Alitaka kusema si kosa lako, mwanangu, ulikuwa mtoto. Alitaka kusema chochote, kwa kuwa maneno nayo ni mtungi, mtu huyapiga ili asisikie.

Kiganja cha Mzee Iwasa hakikushuka.

Na polepole, mbele ya macho yetu, Nagase alifunga mdomo. Akamwacha mwanawe awe amesema. Akasikia. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu kufuta nako ni kujibu.

Daktari Hayami, kule nyuma, alivua miwani. Mara ya kwanza kumwona bila miwani. Ana macho madogo, maskini.

"Asante," akasema Mzee Iwasa, na sauti ya dereva wa lori ikakwaruza.

Cheti hakikutolewa. Kilikuwa tayari, kimeandikwa kwa wino mzuri, lakini Nagase aliinuka akasema, "Mwenyekiti, kiwekwe kabatini. Mimi nimeanza leo."

"Sheria inasema umetimiza mwaka."

"Mwaka wa koo, ndiyo."

"Sasa keki je?" akauliza Horie. "Keki nayo inaenda kabatini?"

Keki ililiwa.

Wakati nakusanya sahani, nilimwona Mio anamsogelea baba yake. Hawakukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Walisimama hatua mbili, kila mmoja anaangalia soksi za mwenzake.

"Treni yako saa ngapi?" Nagase akauliza.

"Zipo nyingi."

"Ndiyo. Zipo nyingi."

"Nataka nipaone nyumbani."

Uso wa Nagase ulibadilika. Dakika moja kabla alikuwa mwekundu kwa kulia. Sasa akawa rangi ya lipu mbichi. "Nyumbani pachafu."

"Sijali."

"Hamna kitu cha kula."

"Nimekula keki. Baba, mbona hutaki?"

Nagase akafunga vifungo vya koti.

Wakatoka, baba mbele hatua tatu, binti nyuma. Mimi nikafuata na kipande cha keki nilichokifunga. Hakuna aliyenialika. Lakini keki haiwezi kujipeleka yenyewe.

Nyumba ni ile ile, ya safu, mbao nyeusi, sufuria za maua zimepangwa mbele mpaka barabarani. Mio alivua viatu, akasimama. Nilimwona midomo ikitaka kusema neno la desturi, la mtu anayeingia kwao, na likakataa kutoka. Akaingia kimya kimya.

Sebule. Jiko. Picha ya Fumie kwenye kabati la marehemu, na bakuli dogo la wali wa asubuhi, umeshakauka. Mio akapiga magoti, akawasha ubani, akaunganisha viganja. Kisha akainuka na kwenda kwenye ujia wa ndani, kule nyuma, anakokujua hata gizani.

Akasimama.

"Baba," akaita. "Bafu liko wapi?"

Mbele yake palikuwa na ukuta. Ukuta mweupe, laini, mzuri kupita kiasi, kutoka sakafuni hadi darini. Hapana mlango. Hapana hata alama ya mlango.

Nagase alikuwa amebaki jikoni. "Huwa naoga bafu la umma," akasema. "Lile la karibu na daraja. Maji yao ni ya moto sana, lakini..."

"Baba."

Akaja. Akasimama mbele ya kazi yake.

"Siku ya arobaini na tisa," akasema, "wageni wa matanga walipoondoka, nilichanganya lipu. Nikaufunika mlango wa bafu. Nilikuwa nimelewa chakari na mkono haukutetemeka hata kidogo. Ndiyo lipu bora niliyowahi kupiga maishani mwangu. Hakuna mteja aliyewahi kupata lipu kama hii."

Mio aliupapasa ukuta, taratibu, kama anavyopapasa migongo ya wazee wake. "Ukaishi humu miaka kumi na moja, na hili hapa."

"Nilidhani nikiliziba sitasikia."

"Ukaacha kusikia?"

"Hapana."

Kwa mara ya kwanza siku ile, mtu alikuwa ameuliza na mwingine akajibu. Nilijiona mzigo pale, na keki yangu. Nikarudi nyuma hatua moja kuelekea mlangoni.

"Bomoa," Mio akasema.

"Sasa hivi?"

"Umewaambia umeanza leo. Leo ndiyo hii."

Nagase alikwenda kwenye sanduku lake la kazi akarudi na nyundo na patasi. Akaweka patasi pale ambapo palikuwa na kizingiti. Jicho la fundi halisahau. Mikono ilimtetemeka, sasa ambapo hakuwa na pombe mwilini. Mio akaishika patasi ili isicheze. Vidole vyake viko hapo, nyundo iko juu, na baba anayetetemeka. Nikafumba macho.

Nyundo ikashuka.

Ukuta ukaitika, nyumba nzima ikaitika, vumbi likamwagika. Na kutoka upande wa pili, mbali kidogo, nyuma ya bafu lililofunikwa, kukatoka mlio mdogo, mwembamba, wa vyombo vya udongo vikigusana.

Nagase akainua nyundo tena. Mio akamzuia mkono.

"Sikiliza."

Mlio ukafifia, kimoja kimoja, mpaka ukakoma.

"Ni vikombe," Mio akasema. "Viko rafuni, jiko la nyumba ya pili. Mtu akigonga hapa, vinasikika kule." Akafikiri. Niliona anavyofikiri. "Na mtu akigonga kule ndani, bafuni, ni karibu zaidi. Ukuta wa bafu na ukuta wa jiko lile ni mmoja."

Nagase alishusha nyundo. Hakugeuka kunitazama. Miaka yote ile hakuwahi kugeuka kunitazama, na mimi nikadhani ni adabu.

Wiki kumi na nne nimewasimulia habari za watu hawa. Mmeniandikia mkaniuliza Mio ameolewa, Horie ana watoto wangapi, Daktari anatoka mji gani. Hata mmoja wenu hajaniuliza mimi nakaa nyumba ipi.

Mio amekulia pale. Yeye hakuhitaji kuuliza hilo.

"Shangazi Kinue," akasema, bado ameshika patasi. "Ijumaa ile, saa kumi, ulikuwa wapi?"

Hapa hapakuwa ukumbini. Hapakuwa na Mzee Iwasa wa kuinua kiganja. Nilitafuta mzaha. Mimi, ambaye sijawahi kuukosa, niliutafuta mdomoni mwote.

"Nilikuwa jikoni kwangu," nikasema. "Nilikuwa naosha mchele. Nikafunga bomba, ili nisikie vizuri."